Chui wa Bwana Miti

Kitu cha kwanza alichonifanyia Bwana Miti siku tuliyojuana ni kuninusa. Hakunipa mkono wala hakuitikia shikamoo yangu. Alinisogelea, akavuta pumzi mara mbili, akarudi nyuma hatua moja.

"Udi," alisema. "Na juu ya udi, asumini. Mwalimu, unaingia msituni au unamsindikiza bibi harusi?"

Nyuma yangu walikuwa wanafunzi wa klabu ya mazingira ya skuli yetu ya mjini, wamejipanga na mabegi yao, na wasichana wote wananukia kama mimi kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia wapendeze. Akatupeleka bombani. Tukasugua shingo na mikono kwa sabuni ya kufulia mpaka akaridhika. Nyuki, alituambia, hajui kama hii ni safari ya skuli. Anafuata ua, na akifika akikuta ua lenyewe ni mtu, huwa hapendi. Baada ya hapo ndipo akanitazama usoni. "Marahaba," alisema. "Karibuni."

Wafanyakazi wa misitu kwetu Unguja huitwa Bwana Miti, kama wale wa kilimo wanavyoitwa Bwana Shamba, na huyu wangu sikuwahi kumwita vingine kwa miaka yote niliyomjua. Alikozaliwa sikumuuliza, naye hakuwa mtu wa kueleza jambo ambalo hakuulizwa. Alikuwa akilinda msitu wa maweni ulioko pembeni ya barabara ya Matemwe, ule unaoota juu ya jiwe tupu. Mimi ni mwalimu wa baiolojia niliyeshindwa kukataa. Kila mwaka nilimpelekea kundi la watoto wa mjini walale kwenye mahema siku mbili, kisha niwarudishe kwa mama zao wakiwa na viungo vyote walivyoondoka navyo. Kwa hilo nilimhitaji yeye. Mandhari ningeweza kuyaona hata peke yangu.

Alikuwa mfupi, mkavu, sare yake imemzidi mabegani. Kanuni zake alizitoa kwa sauti ile ile aliyotumia kuomba maji ya kunywa. Viatu vifunike mguu mpaka kifundo. Suruali iingizwe ndani ya soksi, siafu asipate pa kupandia. Ukanyage kwa kishindo, nyoka akusikie mapema akupishe, maana na yeye hataki shughuli. Usitie mkono penye tundu ambalo macho yako hayajalitazama. Mwenyewe alitembea msitu mzima kwa kandambili za bluu. Nilimuuliza siku moja inakuwaje.

"Mie nnatazama ninapokanyaga," alisema. "Nyinyi mnatazama simu."

Huyu mtu aliyempita chatu kama unavyolipita gogo alikuwa akiogopa ng'ombe. Sisemi kwa kumsengenya, mwenyewe hakuficha. Palikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu, mpole, aliyefungwa kando ya njia ya kuingilia msituni, na kama kamba yake imefika njiani Bwana Miti alisimama mbali akasubiri. Mara moja alisubiri tangu saa mbili mpaka mwenye ng'ombe aliporudi kutoka shamba. Sisi tulikuwa ndani ya msitu tunamtafuta, tukidhani labda amepatwa na jambo. Alipofika alisema, "Palikuwa na ng'ombe," na akaendelea na ratiba. Nilipomwambia kwamba ng'ombe hafanyi kitu, alinijibu kwamba mnyama wa msituni anakukimbia, huo ndio utaratibu wake na unaujua. Ng'ombe hakukimbii. Sasa mnyama asiyekukimbia, utajuaje anawaza nini?

Kwa sababu hiyo hiyo hakutaka mtu amlishe kima. Siku moja alikuja kiongozi wa watalii na wageni wake kutoka hoteli moja ya Mbweni, anataka kima aje akae juu ya bega la mgeni wapige picha, na ndizi ameshika mkononi. Bwana Miti akaichukua ile ndizi, akaimenya, akaila yeye, taratibu, mpaka ikaisha.

"Leo atakaa begani," alimwambia. "Kesho atataka sikio."

Na meno pia. Ukimwonyesha kima meno hajui kama unacheka, anajua unataka ugomvi. Kwa hiyo tulipopita chini ya kima tulifunga midomo sote. Ukitutazama ungedhani tunapita msibani. Mwalimu wetu mkuu alikuja mara moja tu kukagua kambi, na alikuja na sambusa kwenye mfuko wa plastiki, na ni mtu wa kucheka. Sambusa zilikwenda, miwani ikafuata. Bwana Miti alikaa chini ya mti ule mpaka adhuhuri, mdomo umefungwa, macho yako chini, mpaka kima akachoka na miwani akaiacha ianguke. Aliipangusa kwa ncha ya shati, akamkabidhi mwenyewe. "Umebahatika," alisema. "Sambusa hujapata."

Jambo kubwa la kujua juu ya mtu huyu ni kwamba alikuwa hasemi uongo. Nimewahi kukutana na watu wakweli. Hawa huwa na huruma kidogo, wanapunguza. Yeye hakupunguza. Msichana mmoja alimuuliza, ameegemea mti, kama humu mna nyoka.

"Wamo."

"Wengi?"

"Sijawahesabu. Mmoja yuko juu ya huo mti ulioegemea. Wa kijani. Si wa sumu, ila ana wasiwasi."

Mzazi mmoja alimpigia simu kutoka mjini kutaka kujua hali ya mwanawe. Nilikuwa karibu nikayasikia majibu. "Mzima sasa hivi," alisema. "Baadaye sijui." Simu ile ilinigharimu mimi wiki nzima ya kuitwa ofisini. Lakini ndiyo maana nilimwamini. Akisema njia iko salama, nilipita nikiwa natazama ndege.

Nguruwe mwitu ndiye aliyetuharibia. Mnyama wa hatari kuliko wote msituni mule ndiye huyo, hasa jike akiwa na watoto, na Bwana Miti alimweka mbele katika mafunzo yake. Usisimame baina yake na wanawe. Ukimkuta, rudi nyuma polepole, upande jiwe au mti, umwache na njia yake. Na njia yake uijue. Aliwahi kutuonyesha wageni wawili waliofunga hema lao mahali pazuri sana, pamenyooka, pasafi, hapana hata kijiti. Aliwauliza ni nani aliyepafyeka. Hawakujua. Akawaambia basi aliyepafyeka atarudi, na jioni alirudi kweli, na familia yake. Wageni walikuwa juu ya mti kwa ushauri wake. Nguruwe walipita katikati ya hema, wakatokea nalo upande wa pili.

Tatizo ni kwamba watoto wa mjini wakisikia nguruwe wanacheka. Ni jina wanalolisikia kama tusi au kama haramu, na vyote viwili kwa mtoto wa miaka kumi na sita ni furaha. Kila aliposema "nguruwe" kundi zima liliinama likishikilia matumbo, naye alisubiri wamalize, akarudia, wakacheka tena. Mwaka mmoja msichana wa kidato cha tatu alitoka kambini baada ya alasiri, peke yake, kumfuata nguruwe na wanawe wadogo wenye mistari ili awapige video. Mama yao alimgeukia. Msichana alikimbilia upande wa mashimo, kule ambako jiwe limeoza na majani yameziba juu, na chini yake hakuna kitu. Mguu ulivunjika. Bwana Miti alimbeba mgongoni mpaka barabarani, kwa kandambili zake, na njia nzima alikuwa akimwambia ukweli: kwamba umevunjika, kwamba utauma zaidi kwenye gari, kwamba hatokufa.

Msichana alipona. Yaliyofuata ndiyo yaliyomshinda Bwana Miti. Skuli nzima ilimcheka kwa kukimbizwa na nguruwe, na mwaka uliofuata kila mtu kambini alitaka kukimbizwa naye. Nilikuwa nimesimama pembeni siku hiyo alipokuwa akitoa mafunzo mbele ya mahema. Alifika kwenye nguruwe, wakacheka. Akasubiri. Akasema tena, wakacheka. Akatazama vidole vyake vya miguu kwa muda mrefu.

"Na yumo chui," alisema.

Hakucheka mtu.

"Wapi?" mmoja akauliza.

Akanyoosha mkono upande wa mashimo. "Kule."

Mimi darasani nilikuwa nawafundisha kwamba chui wa Unguja ameshatoweka. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyenigeukia kuniuliza. Tangu dakika ile hakuna aliyetoka kambini peke yake. Chooni walikwenda wanane wanane, wenye zamu ya kuogopa wakiwa pande zote. Nyuki waliheshimiwa, kima waliheshimiwa, nguruwe wenyewe waliachiwa njia, kwa sababu hakuna aliyekuwa na hamu ya kwenda mbali kuwatafuta. Asubuhi nilimpelekea Bwana Miti chai, akakataa. Amefunga.

"Leo si Jumatatu wala Alhamisi," nilisema.

"Nimesema uongo," alisema. "Nnafunga siku tatu."

Nilimwambia kwamba ni uongo mdogo, na kwa nia njema. Akaniuliza mimi ni mwalimu wa dini? Nikasema wa baiolojia. Akasema basi. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa haki, akanieleza. "Nguruwe wanamcheka, Mwalimu. Nyuki wanamsahau. Shimo hawalioni. Nimetafuta kitu watakachokiogopa bila ya kukiona, sikupata kingine." Kila mwaka baada ya hapo aliwatajia chui, kila mwaka alifunga siku tatu, na kila mwaka nilirudisha watoto wote wakiwa wazima.

Hapa naingia mimi, na sina pa kujificha. Mwaka wa tatu wa yule chui nilizichapa kanuni za Bwana Miti kwenye karatasi moja safi, ili kila mwanafunzi awe na yake. Zilikuwa tisa. Ya tisa niliandika: "Msitu una chui. Usitoke kambini peke yako. Mashauri yote yapitie kwa Bwana Miti." Nikaipeleka ikapigwa muhuri wa skuli, kwa sababu karatasi isiyo na muhuri wazazi hawaiamini. Wanafunzi waliipiga picha, wakatumiana kwenye simu zao, na haikuchukua muda ikafika kijiji kilichopakana na msitu, anakokaa Bwana Miti na mkewe. Kijiji chenyewe sikitaji, kwa sababu wananipokea, ingawa kwa namna yao.

Sehemu nyingine watu wakiambiwa kuna chui huuliza yuko wapi. Unguja tunauliza ni wa nani. Chui wetu, watu wanavyosema, hakai tu ovyo. Anafugwa, ana mwenyewe anayemtuma na kumwita, na mwenyewe huyo huwa mtu wa kawaida unayemwona dukani akinunua sukari. Sasa hapa pana mtu anayekaa pembezoni mwa msitu, anayejua nyoka yupi yuko mti gani, aliyewaambia watoto chui analala upande gani, na karatasi ya serikali yenye muhuri inasema mashauri yote yapitie kwake. Kijiji hakikuhitaji kufikiri sana.

Mwanzoni ilikuwa heshima. Waliokuwa wakikata kuni kwa kuiba waliacha wenyewe, na wakubwa wa Bwana Miti wakampa pongezi. Mama mmoja alimletea kuku wa chui, akiomba asimguse mbuzi wake. Bwana Miti alimrudishia kuku na kumwambia hakuna chui, na yule mama akaondoka ameridhika kabisa, kwani mwenye chui aseme nini? Timu ya mpira ya kijiji ilituma wajumbe kumwazima huyo chui kwa mechi moja tu, dhidi ya Matemwe, wala hawakutaka aingie uwanjani, akae tu karibu. Alikwenda mwenyewe kwa sheha, kiongozi wa kijiji, akaeleza mwanzo mpaka mwisho. Sheha alimsikiliza, akamtilia maji, akamwambia kwa upole, "Sheikh wangu, mwenye chui hasemi anaye."

Kwa hiyo kila alipokana alithibitisha. Mtu ambaye maisha yake yote ukweli ulikuwa kauli yake ya kwanza na ya mwisho aligundua kwamba ukweli haumtoshi hata kumtoa nje ya mlango wake.

Kisha mbuzi wawili wa jirani wakauawa. Ni mbwa koko, alama za miguu nilikwenda kuziona mwenyewe, nikawaonyesha na watu. Walitazama alama, wakanitazama mimi, wakasema ndiyo Mwalimu. Ramadhani iliingia wiki ile ile.

Mkewe Bwana Miti ni mwanamke mwenye mkono wa mkate wa ufuta. Futari ikikaribia alikuwa akizipeleka sahani zake kwa majirani, zimefunikwa kawa, na za majirani zikija kwake: mihogo ya nazi, tambi, kaimati, samaki. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Huna kitu, unatia hata ndizi moja. Mwezi ule sahani zake zilianza kurudi mapema, zimeoshwa, zimekaushwa, hazina kitu. Watu hawakumtukana wala hawakumnunia. Walipokea kwa mikono miwili, wakashukuru, wakafunga mlango, na mkate wakawapa kuku. Mlangoni kwake haukuja hata muhogo.

Nilimkuta jikoni amezipanga zile sahani tupu juu ya mkeka, nyeupe zote, anazitazama.

"Mwalimu," alisema, "ile karatasi uliandika weye."

"Naam, mama."

"Na muhuri mkaupiga."

"Tukaupiga."

Akainuka akanitengea mkate, akakaa mkabala nami, akanitazama nikila mpaka kipande cha mwisho. Sijapata kula mkate kwa aibu kama siku ile. Mwanamke huyu alizika watu na kijiji hiki, aliozesha watoto wao, aliwafundisha nusu ya binti zao kuukanda huo unga, na sasa chakula chake kilikuwa cha kuku, na mimi ndiye niliyemfikisha hapo, kwa kupenda mambo yangu yawe nadhifu.

Ijumaa ile baada ya sala nilikwenda barazani kwa sheha. Sikumwambia Bwana Miti. Walikuwapo wazee, na upande wa kinamama alikuwapo mkunga mstaafu, bibi mmoja ambaye neno lake kijijini linapita la sheha, kwa kuwa yeye ndiye aliyewatoa wote tumboni. Nikasimama nikasema kila kitu. Chui hakuna. Bwana Miti alimbuni ili watoto wangu wasitoke kambini, tangu siku ile ya msichana na nguruwe, wanaikumbuka. Mimi ndiye niliyemwandika kwenye karatasi na muhuri ni wetu. Nikawaomba radhi.

Walinisikiliza bila ya kunikatiza. Nilipomaliza kila mtu akatazama kofia ya mwenziwe. Kisha mkunga akauliza, kwa adabu kabisa:

"Sasa, mwanangu, kakukabidhi weye?"

"Nani, bibi?"

"Mzee. Huyo mnyama. Maana mtu akitaka kupumzika humkabidhi mwengine. Na weye umesimama hapa kumtetea, na karatasi umeandika weye. Tunauliza tu, tujue. Kama keshatoka kwa mzee, mzee ni jirani yetu, hatuna neno naye."

Nilitazama ule uso. Haukuwa na ubaya hata chembe. Alikuwa ananifungulia mlango, mlango pekee uliokuwapo, na alikuwa anataka sana nipite, kwa sababu na yeye alikuwa ameukosa mkate wa ufuta tangu sahani zilipoanza kurudi. Nilikuwa nimekuja na ukweli wote niliokuwa nao na nimeshautoa, na haukununua hata kaimati moja.

"Kanikabidhi," nilisema.

Baraza zima likashusha pumzi.

"Na umempeleka wapi?" sheha akauliza. Alikuwa na karatasi mkononi, nadhani alitaka kuandika jibu langu.

"Mjini. Mji Mkongwe."

"Mji Mkongwe anakaa wapi?"

"Juu, darini," nilisema. "Nyumba yetu ina ghorofa tatu."

Wakatikisa vichwa. Darini ni pazuri, pana hewa. Mzee mmoja akataka kujua kama majirani hawalalamiki, nikamwambia wanalalamika juu ya paka tu. Nilipoinuka kuaga walinipisha njia, pana kuliko nilivyohitaji.

Sahani ya kwanza ilikuja siku ile ile kabla ya magharibi. Mihogo ya nazi, kutoka kwa mkunga. Mkewe Bwana Miti aliipokea mlangoni, akaingia nayo ndani, akaiweka chini, akalia. Zilikuja nyingine tatu. Bwana Miti alipojua nimefanya nini alinitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona hata kwa wageni wa ndizi. Alivaa kofia yake. Anakwenda msikitini, alisema, atasimama awaambie kwamba uongo ni wake, tangu siku ya kwanza ni wake, na mtoto wa watu asibebeshwe.

"Nenda," mkewe akamwambia. Hakuinua hata sauti. "Wambie. Na kesho sahani zikirudi, uzipokee weye."

Alisimama mlangoni na kofia kichwani mpaka kukaadhiniwa. Kisha akaivua, akakaa. Kwa muda wa mwaka mzima alizungumza nami kuhusu wanyama tu.

Nilimwona Ramadhani iliyopita. Amestaafu, miguu haimtii tena, anakaa barazani kwake na mto nyuma ya mgongo. Msituni kuna kijana mpya mwenye buti na redio ya mkononi, na wanafunzi wangu bado wanakwenda chooni wanane wanane, safari hii kwa ajili ya chui wa Mwalimu wao. Kijijini ninasalimiwa na wote. Pipi nilizowaletea watoto walizipokea kwa mikono miwili wakashukuru, na sikuona aliyezimenya. Sijalalamika. Mimi kwetu ni mjini, ninarudi nikale na wangu.

Mkewe alinipokea uani kabla sijafika barazani. Alikuwa amebeba kawa. Ngawa, mnyama wa porini mfano wa paka, alikuwa amechukua kuku wa nyumba mbili wiki ile, alininong'oneza, na watu wameanza kuulizana. Wanasema labda yule mnyama amemkumbuka bwana wake wa zamani. Jana sahani moja imerudi imeoshwa.

"Mzee anajua?" nikauliza.

"Anajua. Hajasema kitu tangu jana."

Nikaenda barazani. Ilikuwa saa ile kabla ya futari, njia imejaa kinamama wanaopita na sahani, na mkunga naye anakuja, amezeeka, anatembea kwa mkongojo na mjukuu wake kambebea sahani yake. Bwana Miti aliniona. Akaitikia salamu yangu, akatazama vidole vyake vya miguu. Kisha akainua kichwa akaita, kwa sauti kubwa ambayo mimi niliyesimama hatua mbili mbele yake sikuwa na haja nayo.

"Mwalimu!"

"Naam!"

"Yule mnyama wako. Umemfunga vizuri huko mjini?"

Njia nzima ilisimama. Mkunga alisimama na mkongojo hewani.

"Nimemfunga, baba," nilisema, na mimi kwa sauti. "Hajatoka tangu mwezi uandame."

"Anakula?"

"Anakula."

"Basi usimwachie," alisema. "Kwangu asije tena. Mie sina naye."

Mkunga akashusha mkongojo. Akamwelekeza mjukuu wake kwa mkewe Bwana Miti, sahani ikakabidhiwa, wakaulizana hali, mkunga akapita mbele yangu akishika ukuta wa upande wa pili. Nyuma yake wakaja wengine. Nilihesabu sahani sita zikiingia mlango ule, na mkewe akitoa zake sita, zimejaa.

Wakaadhini. Tulikaa mkekani, tukafungua kwa tende. Mkate wa ufuta ulikuwa katikati, wa moto, samli inang'aa juu yake, naye hakuunyooshea mkono. Mikono yake aliiacha juu ya magoti.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. "Nimekuvunjia jina lako mbele ya watu, na nimefanya kwa kusudi."

Nilimkatia kipande, nikamwekea mkononi, nikamwambia ale, mkate unapoa.